Biskuti Isiyoweza Kuficha Kitu

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba tangazo lenyewe halikuwa na uongo mwingi. Lilisema tu kwamba siku ya Ijumaa shule itapokea ugeni mzito, hivyo walimu na wanafunzi wafanye usafi, na jikoni waandae chakula cha heshima. Halikumtaja mgeni. Halikutaja uzito wake kwa kilo. Lilikuwa na sahihi ya makamu mkuu wa shule, Mwalimu Immakulata, ambayo niliiga kwa kalamu yangu mwenyewe, na lilikuwa na muhuri wake, ambao sikuuiga.

Walimu wote waliliamini, mkuu wa shule akiwemo, kwa sababu kila mmoja aliona aibu kuuliza jambo ambalo wenzake walionekana wanalijua. Hata Mwalimu Immakulata aliliamini. Alisimama mbele ya ubao wa matangazo, akasoma tangazo lake, akautazama muhuri wake, akaamua kwamba alilitoa kisha akasahau. Tulifagia siku tatu. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Mbuzi wawili wakachinjwa. Ijumaa kwaya ilisimama getini tangu saa tatu asubuhi, na saa saba mchana akatokea Harerimana, kijana wa bodaboda anayeleta dagaa wa jikoni. Kwaya ikamwimbia beti tatu. Skauti aliyekuwa ameshika skafu kwa saa nne, mkono umeshakufa ganzi, akamvisha.

Nilikamatwa kwa sababu kati ya wanafunzi mia nne ni mimi peke yangu niliyecheka kabla Harerimana hajashuka kwenye pikipiki.

Kamati ya nidhamu iliniuliza muhuri nimeutoa wapi. Hapo ndipo niliposema uongo pekee ninaoujutia: nilisema nilichonga kiazi. Sababu yake ni nyepesi. Kuiga muhuri kwa kiazi ni utundu, na utundu una viboko vyake na wiki zake za kufyeka. Kuingia ofisini mwa makamu na kuugonga muhuri halisi ni kufukuzwa shule. Wakanipa kiazi na wembe, nichonge kingine mbele yao. Nikachonga. Kikatoka kitu kama kobe aliyelala chali. Nikawaeleza kwa masikitiko kwamba viazi vya msimu huu vina maji mengi, na kamati ikaandika hivyo.

Hukumu ikawa hii: nirudi nyumbani Kibondo, na Januari nisionekane shuleni Kasulu mpaka Mwalimu Immakulata mwenyewe aseme nirudi. Yeye ndiye aliyeaibishwa, kwa hiyo yeye ndiye mwenye kusamehe. Akikataa, kidato cha nne nitakisomea Munanila, kwa bibi mzaa mama, kwenye shule isiyokuwa na mwalimu wa fizikia tangu mimi nikiwa darasa la sita. Kabla ya masomo na baada ya masomo kuna shamba la tangawizi la bibi, linaloteremka mlima hadi unaanza kusikia redio za Burundi. Nampenda bibi. Lakini, pamoja na yote yanayosemwa juu yangu, napenda pia fizikia.

Wiki moja kabla ya Krismasi, Mama akanitangazia uamuzi wake. Mama yangu, Recho, ni karani wa masjala ya halmashauri, na hata nyumbani huongea kama mtu anayefungua faili.

"Kesho kutwa tunakwenda Kasulu kumwomba radhi Mwalimu," alisema. "Hatuendi mikono mitupu. Tutapeleka biskuti."

"Kwa nini tusipeleke kuku, Mama?"

"Kuku ni rushwa. Biskuti ni Krismasi."

Kwa habari ya biskuti, mtaa wetu wa nyumba za watumishi una mamlaka moja tu, naye ni Anti Stumai. Anti Stumai ni mtaalamu wa maabara hospitalini. Ni mtu wa Pangani, serikali ilimleta Kibondo kwa miaka miwili na sasa anao wa tisa. Ni Mwislamu anayefunga hata Jumatatu na Alhamisi, lakini kwa kuwa ndiye mwenye oveni ya bati ya mkaa, kila Desemba Wakristo wote wa mtaa humkimbilia kama vile sikukuu aliianzisha yeye. Hupika kwa mizani ya gramu, na huvaa glavu.

Tulimkuta jikoni kwake, daftari la mapishi limefunguliwa mezani.

"Haya, Mama Careen," alisema. "Tuna vileja. Tuna biskuti za mashine. Tuna za tende, tuna za karanga, tuna za tangawizi. Huyo mwalimu wenu ni mtu wa namna gani?"

"Mkali," alisema Mama.

"Ukali si ladha. Anapenda nini?"

Mama alinitazama. Mimi nikatazama dari. Ukitaka kumtania mtu vizuri ni lazima umjue kuliko anavyojijua, na mimi nilijua vizuri sana Mwalimu Immakulata anapenda nini. Tatizo ni mahali nilipokuwa siku nilipojua. Nitafika hapo.

"Tuanze na vileja," akasema Anti Stumai. "Vileja havijawahi kumkosea mtu heshima."

Vikapikwa vileja kumi na viwili vya majaribio, vya unga wa mchele na iliki, kila kimoja na doa lake jekundu katikati. Wakati huo akaingia Mjomba Cleophas, mdogo wake Mama, ambaye ni kinyozi sokoni na ana pua inayosikia chakula tangu anapomnyoa mteja. Nikachukua kileja cha moto, nikakiweka kwenye kisosi, nikampelekea kwa mikono miwili, goti moja chini, kama binti aliyelelewa.

Mjomba alikitazama kileja. Akanitazama mimi. Akakitazama tena kileja.

"Wewe," alisema, "Pasaka ulinipa andazi."

"Ndiyo, Mjomba."

"Andazi lile lilikuwa na nini ndani?"

"Pamba, Mjomba."

"Nilitafuna dakika tano nikidhani ni la jana." Akakimega kileja, nusu akamtupia kuku aliyekuwa mlangoni. Kuku akala, akapangusa mdomo ardhini, akaendelea na maisha yake. Mjomba akavuta kiti, akakaa akimtazama.

"Unasubiri nini, Cleophas?" aliuliza Mama.

"Namwangalia huyu. Ikifika saa kumi na moja bado anatembea, nitakula."

Anti Stumai alivua glavu taratibu. "Mama Careen, tuna tatizo. Kama mjomba wa damu anampa kuku kwanza, mwalimu atampa nani?"

Hapo ndipo mkutano ulipogeuka. Hatukuwa tena tunatafuta biskuti tamu. Tulikuwa tunatafuta biskuti isiyoweza kuficha kitu, ambayo mtu aliyetendewa vibaya na mimi angeitazama na kuona mwisho wake. Anti Stumai alipitia daftari lake mstari kwa mstari, na Mama akawa hakimu.

"Za tende?"

"Zina tumbo," alisema Mama. "Chenye tumbo kina siri."

"Za karanga?"

"Atasema ni kokoto."

"Vileja hivi?"

"Hilo doa jekundu. Atasema ni pilipili."

"Za tangawizi?"

Mama alicheka kicheko kifupi cha masjala. "Da Stumai, biskuti inayowasha? Hiyo ni kukiri kosa kabla hujaulizwa."

Zikabaki nyeupe: unga, sukari, siagi, basi. Nyembamba kama cheti cha kuzaliwa. Mama akasema zitiwe kwenye kopo la plastiki linaloonyesha mpaka ndani, ili pasiwe na pembe ya giza. Mimi nikauliza kama Anti Stumai angeweza kutuandikia barua ya maabara kwamba biskuti zimepimwa na ni salama.

"Mwanangu," alisema, "mimi napima malaria. Sipimi tabia."

"Na hata hivyo lazima uonje mbele yake," Mama akaniambia. "Kwetu huku mtu hapelekewi kitu cha kutia mdomoni bila aliyekileta kuanza yeye. Pombe, uji, chochote. Unaonja, ndipo unampa."

"Kwetu Pangani tunaonja jikoni," alisema Anti Stumai.

"Kwenu hamrogani?"

"Tunarogana, lakini si kwa chakula. Chakula ni ghali."

Kesho yake mchana tulirudi jikoni kupika zile nyeupe. Anti Stumai alikuwa ameshapima unga, nami nikawa nimesimama nikiutazama mezani, mweupe, hauna kosa, hauna neno. Nikamwona Mwalimu Immakulata akiitafuna biskuti ile kama mtu anayesoma risiti. Sasa nieleze nilivyojua anachopenda.

Jumatatu ya wiki ile ya ugeni mzito niliingia ofisini kwake wakati wa mapumziko, mlango ukiwa wazi, nikagonga muhuri. Nikasikia viatu vyake. Nikaingia chini ya meza. Akaja, akakaa, ncha ya kiatu chake ikawa sentimita mbili kutoka puani mwangu. Akavuta droo, akatoa kipande cha tangawizi mbichi, akaanza kutafuna. Kisha akaanza kujifundisha kusema, "Wanafunzi, kimya!" Alisema mara kumi na tatu. Mara ya kwanza sauti ilikatika katikati, mara ya pili ikawa kama bawaba ya mlango, na kila baada ya mara mbili alitafuna tena tangawizi, akaifyonza, akaguna kwa raha kama mtoto mwenye peremende. Mara ya kumi na tatu sauti ikatoka nzima. Akaondoka kwenda mstarini, akasema, "Wanafunzi, kimya!" na shule yote ikanyamaza.

Jambo hilo sikumsimulia mtu. Mabweni yetu yana wasichana ambao wangetoa sabuni mche mzima kulisikia. Lakini kuna vitu hata mtundu anaviacha pale alipovikuta.

"Anti," nikasema, "tupike za tangawizi."

Mama aligeuka. "Unasemaje?"

"Za tangawizi, Mama. Ndizo anazozipenda."

"Umejuaje?"

"Nimejua tu."

Anti Stumai alinitazama kama anavyotazama kioo cha hadubini kinapokuwa na kitu kinachotembea. "Na akidhani umemtilia pilipili?"

"Adhani."

"Mawe! Mama yangu!" Mama akashika kichwa. "Umemchoma mtu, sasa unampelekea moto? Munanila unapataka?"

"Sipataki, Mama. Lakini ile nyeupe ni ya kujitetea. Ya tangawizi ni ya kumpa yeye."

Maneno hayo yalinishangaza mwenyewe. Niligeuka nyuma kuona kama kuna mtu mwingine aliyeyasema. Mama akainuka, akaenda nyumbani, akarudi na mfuko wa tangawizi ambao bibi alitutumia kutoka Munanila. Tangawizi ya bibi inatoka kwenye udongo mwekundu na ina hasira za udongo ule. Kwa chai ya watu sita, ukucha mmoja unatosha.

Anti Stumai aliisaga, akapima vijiko viwili kwa mizani, akaichanganya na asali na siagi. Kisha akasema anakwenda kuswali alasiri, na tusiguse kitu.

Sasa, hapa kwetu ukimpa mtu zawadi halafu kile chenyewe hakisikiki, umemtukana. Ukileta maharage, kapu lijae hadi yamwagike njiani. Vijiko viwili viliniuma. Mama alipotoka kuchochea mkaa, nikaongeza vitatu, nikakoroga haraka, nikatoka kunawa mikono. Nilipochungulia dirishani nikamwona Mama ameinama juu ya bakuli, anaongeza vyake, huku akitazama mlangoni kama mwizi. Ningesema nini, na mimi ndiye niliyemtangulia?

Anti Stumai alirudi, akakata duara arobaini, akaoka. Ya kwanza ilipotoka akaimega, akatafuna. Akafumba macho. Akatoka nje. Tulimsikia akinywa maji kwenye mtungi, kikombe cha kwanza, cha pili. Akarudi.

"Zimeiva," alisema.

Unga ulikuwa umekwisha na basi lilikuwa la saa kumi na mbili asubuhi.

Kasulu kulikuwa na manyunyu. Nyumba za walimu zimepangana mstari mmoja nyuma ya shule, zimetenganishwa na ua mfupi wa michongoma, kiasi kwamba mwalimu mmoja akipiga chafya watano wanamwambia pole. Mwalimu Immakulata alitufungulia mwenyewe. Alikuwa na miwani mipya ambayo sikuwahi kumwona nayo.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Mwakeye, Madamu," akasema Mama, akimwamkia kwa Kiha, akipiga makofi kidogo na kuinama, kama tunavyofanya kwa mtu tunayemhitaji sana.

"Marahaba. Mwakeye, mzazi. Karibuni." Alitazama kopo mikononi mwangu. "Hicho nini?"

"Biskuti, Mwalimu. Za Krismasi."

Alitukalisha kwenye kochi. Kopo likawekwa mezani katikati yetu, limejaa, linaonyesha mpaka ndani. Mama akatoa hotuba yake ya kuomba radhi, ambayo ilikuwa na utangulizi na vipengele vinne. Mwalimu alimsikiliza bila kuondoa macho kwenye kopo. Mama alipomaliza, Mwalimu akalisogeza kwangu kwa kidole kimoja.

"Onja."

Nikafungua, nikachukua ya juu.

"Si hiyo. Hiyo mmeshazoeana. Ile ya pembeni."

Nikachukua ya pembeni, nikaila. Naomba nisiseme mengi juu ya biskuti ile. Mdomo ulikubali, koo likakata rufaa. Nilikaza uso kama mlinzi wa benki, lakini machozi hayakuniomba ruhusa. Yalishuka yote mawili, moja kila upande.

"Unalia kwa toba," aliuliza Mwalimu, "au kwa biskuti?"

"Kwa vyote, Mwalimu."

"Nyingine. Ya chini kabisa."

Nikachimba, nikatoa ya chini kabisa, nikala. Jasho likanitoka nyuma ya masikio. Mama, kwa kuona heshima ya familia inazama, akanyoosha mkono.

"Madamu, hata mimi mama yake nakula. Tazama." Akaweka nzima mdomoni. Akatafuna mara mbili. Kisha akaanza kukohoa, akakohoa mpaka kilemba kikalegea, na Mwalimu akalazimika kwenda kumletea maji.

"Kwa hiyo mmekuja wawili," alisema alipokwisha kumpa kikombe.

"Ni tangawizi, Mwalimu," nikasema. "Tangawizi na asali. Hakuna kingine."

"Careen. Katika biskuti zote za dunia hii, kwa nini mtu mwenye akili, anayekwenda kuomba radhi, achague inayowasha?"

Swali lilikuwa la haki. Nilimtazama Mama, naye akaniangalia kwa macho mekundu yaliyosema: jibu, basi, ulisema unajua. Jibu lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa na mlango wa ofisi ndani yake. Nikinyamaza, biskuti ni pilipili na mimi ni wa Munanila. Nikisema, basi muhuri ni muhuri, na hata Munanila wanaweza wasinitake. Koo bado lilikuwa linaniwaka. Huenda ndilo lililoamua. Kitu kikiwaka namna ile, hakifichi tena.

"Kwa sababu unaipenda," nikasema.

"Nani kakwambia?"

"Nilikuona. Unaitafuna kabla ya kwenda mstarini. Ili sauti isikatike."

Uso wake haukubadilika, ila mkono ulishika shingo. "Ulikuwa wapi?"

"Chini ya meza."

"Meza ipi?"

"Yako, Mwalimu. Ofisini. Ile Jumatatu."

"Na ulikuwa unafanya nini chini ya meza yangu ile Jumatatu?"

"Nilikuwa nimemaliza kugonga muhuri."

"Yesu wangu," alisema Mama, akashika mkono wa kochi.

Nje manyunyu yaliongezeka. Mwalimu Immakulata alivua miwani, akaiweka mezani karibu na kopo.

"Na kiazi?"

"Hakuna kiazi, Mwalimu. Hakijawahi kuwapo."

Aliinuka, akaenda dirishani, akatugeuzia mgongo. Niliona mabega yake yanatikisika. Nilidhani analia, nikaona kweli mimi ni mtu mbaya, nikaanza kufikiri namna ya kufunga sanduku langu kwa safari ya Munanila.

"Rudia," alisema bila kugeuka.

"Hakuna kiazi."

"Kwa sauti."

"Hakuna kiazi, Mwalimu!"

Aligeuka, na hakuwa analia. Sikuwahi kumwona Mwalimu Immakulata akicheka, kwa hiyo ilinichukua muda kutambua kile kilichokuwa kinatokea usoni pake.

"Miezi miwili!" alisema. "Miezi miwili Mwalimu Godson ananiita Madamu Kiazi! Kila chai ya saa nne ikija na viazi anaviinua na kuniuliza, 'Madamu, hebu tusaidie, hiki tule au tugonge barua?' Mwanamke mzima, makamu mkuu wa shule, nimeshindwa kutofautisha muhuri wangu na kiazi! Nikaanza kuyashuku macho yangu. Nimekwenda Kigoma kupimwa. Daktari anasema hayana kitu, mimi namwambia yana kitu, nimeona kiazi nikadhani muhuri. Nimenunua miwani!" Akaiinua, akatuonyesha, mmoja mmoja. "Miwani hii!"

"Pole, Madamu," alisema Mama kwa sauti ndogo.

"Ulikuwa muhuri wangu," alisema Mwalimu, sasa akijiambia mwenyewe. "Niliujua. Una ufa kidogo upande wa kushoto. Niliuona ule ufa."

"Ndiyo, Mwalimu. Upo."

Alikaa. Akachukua biskuti bila kuchagua, akaing'ata. Macho yakamjaa maji papo hapo, lakini hakukohoa. Alitafuna taratibu, akaifyonza, akaguna ule mguno niliousikia nikiwa chini ya meza.

"Nani ametia tangawizi yote hii?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema Mama.

Tukatazamana. Mwalimu akachukua ya pili.

"Sikiliza, wewe. Kosa la muhuri ni kubwa kuliko lile la kiazi. Hilo nitamwambia mkuu wa shule, na utaadhibiwa, na hutapenda. Mlango kutofungwa ni kosa langu, hilo nitalijibu mimi. Ungenyamaza nisingejua lolote."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa nini hukunyamaza?"

"Ungedhani ni pilipili," nikasema.

Mwalimu akasimama ghafla, akatupa khanga kichwani kwa ajili ya mvua, akafungua mlango. "Njoo. Na wewe mzazi, njoo. Chukueni na kopo."

Tukatoka. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye michongoma, akaita kwa sauti ambayo haikukatika popote.

"Godson! Mwalimu Godson! Toka nje!"

Mwalimu Godson, wa jiografia, alitoka na singlendi, kijiko mkononi. Aliponiona akarudi nyuma hatua moja.

"Mwambie," alisema Mwalimu Immakulata.

"Shikamoo, Mwalimu. Hakuna kiazi. Niligonga muhuri wenyewe."

"Wenyewe wenyewe?"

"Wa Mwalimu. Wenye ufa upande wa kushoto."

Mwalimu Immakulata hakumsubiri. Alikuwa ameshafika nyumba ya pili, anabisha hodi. Tukampata mwalimu wa Kiswahili na mke wake, nikasema tena. Nyumba ya tatu walikuwa wanakula, wakaacha. Mama alinifuata nyuma na mwavuli ambao haukumkinga mtu yeyote, akisema "poleni kwa usumbufu" kila mlango. Kufikia nyumba ya nne maelezo yangu yalikuwa yamenyooka kuliko insha yoyote niliyowahi kuandika: nilikuwa na mwanzo, nilikuwa na meza, nilikuwa na viatu. Tangawizi niliiruka. Kila nilipoiruka, Mwalimu Immakulata alinitazama kwa pembe ya jicho, na mkono wake ukaingia tena kwenye kopo.

Kwenye nyumba ya mwisho hapakuwa na mtu. Tulisimama barazani tukisubiri mvua ipungue, tumelowa wote watatu, kopo limebaki na biskuti labda nane. Mama alikuwa anazungusha pete kidoleni. Alikuja kutoka Kibondo kwa ajili ya neno moja, na neno hilo lilikuwa bado halijasemwa.

"Madamu," alianza, "sasa kuhusu Januari..."

"Ee, nilitaka kukwambia hilo," alisema Mwalimu Immakulata, akipangusa makombo kidevuni. "Jembe alilokuja nalo mwaka jana lilikuwa na mpini mbovu. Lilikatika wiki ya kwanza, akawa anaazima azima. Safari hii ana eneo kubwa la kulima. Mpini uwe imara."

Niliona neno likimwingia Mama polepole, likapita masikioni, akashika nguzo ya baraza. Kisha akavuta pumzi, akakaza kilemba, akawa tena karani wa masjala.

"Uwe wa mti gani, Madamu?" aliuliza.